Madonge ya Sanobar

Mtaani kwetu Samarkand, mwanamke akishamwoza mwanawe na kuleta mkaza mwana nyumbani, jiko analiacha. Hakuna anayemwamuru. Anajikuta tu amekaa juu ya godoro la wageni, chai mkononi, na kila anayepita anatarajia kumsikia akilalamikia magoti. Anayefagia ua kabla jua halijatoka ni mkaza mwana, anayepika ni mkaza mwana, na mkate, hasa mkate, ni kazi ya mkaza mwana. Mama mkwe akionekana tanurini, watu hawaulizi. Wanajua nyumba ile imeingiwa na mvivu.

Kwa hiyo msitulaumu sana. Ila laumuni kidogo, maana tunastahili.

Jirani yangu Sanobar alimwoza mwanawe Sherzod, dereva wa malori ya masafa marefu, wakati miaprikoti imechanua. Bibi harusi, Munavvar, ni binti wa Zebuniso wa upande wa pili wa soko, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, anayeinama kusalimia mpaka unauonea huruma mgongo wake. Matikiti yalipoanza kuiva, nikaanza kusikia kishindo kila alfajiri: pa! pa! pa! Mimi si mpelelezi, ila ukuta wetu ni mfupi na mimi ni mrefu. Nilimwona Sanobar mwenyewe, mjane wa watu, mwenye kazi ya ofisini na presha juu yake, amekunja mikono ya gauni hadi viwikoni anapiga unga juu ya meza ya uani. Mkaza mwana yuko kule pembeni na ufagio, anakusanya majani ya mforosadi kama hana habari.

Nilimwambia Tursunoy tu. Kumwambia Tursunoy ni sawa na kupanda mnara wa msikiti.

Tursunoy alikuwa mwalimu wa michezo. Yeye amestaafu, filimbi yake haijastaafu. Ndiye anayetuongoza wanawake wa mtaa kutembea kando ya mfereji baada ya sala ya alfajiri, tumevaa magauni marefu, vilemba, na raba za kukimbilia. Akipuliza, tunarusha mikono. Akipuliza tena, tunainama kugusa vidole vya miguu, yaani tunavitazama kwa mbali. Ukweli ni kwamba midomo ndiyo inayofanya mazoezi zaidi, na mimi naona hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Sanobar alijiunga nasi kwa amri ya daktari. Kazi yake ni kukaa kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya maji, na maji yakikatika mji mzima humwendea yeye kana kwamba ameyanywa. Anatukanwa tangu asubuhi, anajibu, "Ndiyo, bwana, tutashughulikia." Halafu mkuu wake anatoka chumbani naye anamgombeza, eti kelele za watu zimemsumbua. Daktari alipompima presha aliguna. "Mama, hasira zako unazimeza, nazo zinakula mishipa. Tembea. Na utafute kazi ya mikono inayokutuliza." Sanobar hakuhitaji kufikiri. Tangu usichana wake kilichomtuliza ni kukanda unga, na hicho ndicho alichokuwa amemwachia mkaza mwana.

Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua kishindo tu.

Asubuhi moja tulisimama kwenye kidaraja cha mfereji tukivuta pumzi. Tursunoy alimshika Sanobar mkono, akaugeuza, akaona unga umeganda kwenye kucha.

"Sanobar, shoga yangu, hiki nini?"

"Unga."

"Najua ni unga, sijasema ni saruji! Unafanya nini mikononi mwako? Yule binti kazi yake nini kwako, kuhesabu nyota?"

Tulicheka sote.

"Wangu aniache nikande mwenyewe?" akadakia mwingine nyuma. "Ningemrudisha kwa mama yake siku hiyohiyo, na viatu vyake nimvishe mimi."

Hapo ndipo Sanobar alipopaswa kusema. Lakini angeanzia wapi? Sisi ni watu ambao kipande cha mkate kikianguka tunakiokota, tunakibusu, tunakiweka juu ya ukuta ndege wale. Mkate hatuulazi kifudifudi. Na yeye kila alfajiri alikuwa anaukata unga madonge, anayapa madonge majina ya watu, kisha anayapiga makofi huku anayatukana. Aliona aibu kulitamka. Tena, aliniambia mwenyewe bila kujitetea, ilikuwa raha kuonewa huruma. Kule dirishani hakuna anayemhurumia. Hapa wanawake wazima wamemzunguka, wanamsugua mabega, wanamwambia pole, mama, pole, umechoka.

"Mwacheni," akasema, macho kwenye maji. "Bado mtoto. Atajifunza."

Ni hayo tu. Kwa mtaa wetu yalitosha kuwa hukumu, maana sasa mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amekiri. Tulitembea kurudi nyumbani tukimsifu kwa uvumilivu wake, naye akaturuhusu.

Maneno hayakukawia kuvuka soko. Jumatano alasiri Zebuniso alikuja, amebeba mikate miwili ndani ya kitambaa kama ilivyo desturi ya kwenda kwa wakwe. Sanobar aliniita juu ya ukuta nije kukaa nao, kwa kuwa mgeni wa heshima hapokewi na mtu mmoja. Nilikwenda mbio. Siwaongopei, nilitaka kusikia.

Zebuniso ni mwanamke wa vicheko. Siku ya harusi alicheza mpaka akavunja kisigino cha kiatu. Jumatano hiyo alikaa kwenye ukingo kabisa wa godoro, chai hakuigusa.

"Mkwe wangu," alisema, "nimekuja kukuomba radhi. Nimekuletea mtoto ambaye sikumlea."

"Astaghfirullah, maneno gani hayo?"

"Maneno ya mji mzima. Wanasema unakanda mwenyewe, na presha yako, yeye amesimama anakutazama. Mdogo wake kuna watu walikuwa wanamposa. Tangu habari hizi zisambae wamenyamaza, hata simu hawapokei. Siwalaumu. Nani atachuma tunda la pili kwenye mti ambao la kwanza amelikuta na funza?"

Nilimtazama Sanobar. Akasogeza bakuli la chai mahali ambapo halikuhitaji kusogezwa.

Ndipo Munavvar akaingia na sahani ya zabibu, ameinama kama kawaida yake. Mama yake akamgeukia.

"Wewe! Sema hapa mbele ya mama mkwe wako. Ni kweli yeye ndiye anayekanda?"

"Ni kweli, Mama."

"Na wewe wakati huo unafanya nini?"

Munavvar alimtupia Sanobar jicho, mara moja, kisha akatazama zulia.

"Nachelewa kuamka, Mama. Usingizi unanishinda."

Uongo mtupu! Ua ule hufagiwa kabla jogoo wangu hajafumbua jicho, na mimi nauona kila siku ya Mungu. Sikusema kitu. Sanobar naye hakusema kitu. Tulikaa pale, watu wazima na mvi zetu, tukamwachia msichana abebe mzigo ambao haukuwa wake. Hata sasa nikikumbuka natamani zulia lile lingenimeza.

"Basi," Zebuniso alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Ijumaa asubuhi nakuja kumchukua. Akae kwangu nimfunze upya. Ukimtaka tena utanipelekea salamu. Usipomtaka, sina neno."

Kila mtu anajua maana yake. Bibi harusi anayerudi kwa mama yake kabla mwaka haujaisha, huwa amerudi moja kwa moja. Sherzod mwenyewe alikuwa huko Kazakhstan na lori lake, hana habari kwamba nyumba yake inavunjwa kwa sababu ya kishindo cha unga.

Nilimsindikiza mgeni hadi mlango wa nje, kisha nikarudi, eti nimefuata ungo wangu niliokuwa nimewaazima. Waliokuwa jikoni hawakunisikia.

"Kwa nini umejisingizia?" Sanobar alikuwa anauliza.

"Ningesemaje, Mama?"

"Ungesema ukweli! Kwamba ni mimi ninayependa kukanda."

"Mama yangu angeuliza unapenda nini hasa." Vyombo viligongana kidogo. "Nimwambie unagombana na unga?"

Sanobar akauliza polepole, "Kumbe unanisikia?"

"Nafagia palepale, Mama."

Sanobar alitoka akanikuta mlangoni na ungo kifuani. Hakunifukuza. Alikaa kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa ncha ya kilemba, akanieleza yote: daktari, madonge, matusi, na utamu wa zile pole zetu. Aibu nyingine ni kubwa mno kubebwa na mtu mmoja. Majina ya madonge hakunitajia yote, na mimi nikadhani ni kwa sababu langu limo.

"Kesho nitawaambia," alisema. "Wote. Hata nikichekwa."

Na kweli Alhamisi, palepale kwenye kidaraja, alimwambia Tursunoy atoe filimbi mdomoni.

"Munavvar si mvivu," alisema. "Anaamka kabla yangu. Mimi ndiye ninayemnyang'anya unga. Naupiga ili nipunguze hasira. Naupa majina ya watu, nautukana. Kosa ni langu."

Tursunoy macho yalimlengalenga, akamkumbatia Sanobar kwa nguvu hata kilemba kikamtoka.

"Jamani, oneni moyo wa mama mkwe! Anajipaka matope ili amfiche mtoto wa watu!"

"Sijipaki matope, nasema kweli!"

"Wewe Sanobar? Wewe unayebusu hata makombo? Uutukane mkate? Kamdanganye mwingine."

"Wallahi nautukana!"

"Na kuapa anaapa!" mwingine akasema huku anapangusa macho. "Mungu akulipe, dada. Yule mvivu hajui bahati aliyonayo."

Niliona nimsaidie. "Ni kweli anayosema. Mimi nime..."

"Wewe Robiya nyamaza!" Tursunoy alinigeukia. "Si wewe uliyetuambia mwanamke huyu anafanyishwa kazi? Jana umekula nini kwao mpaka leo umebadili wimbo?"

Na ni kweli niliwaambia. Uongo wetu ulikuwa umeshapewa kiti na chai, na ukweli ukabaki mlangoni umesimama. Kadiri Sanobar alivyozidi kujishtaki ndivyo walivyozidi kumsifu, na kila sifa aliyopewa yeye ilikuwa tope jingine kwa Munavvar. Uso wa Sanobar ulikuwa mwekundu kama komamanga.

"Kesho msije mferejini," alisema mwishowe. "Njooni uani kwangu. Mtasikia kwa masikio yenu."

Ijumaa tulikwenda sote. Tulijipanga chini ya mforosadi na raba zetu, Tursunoy filimbi shingoni. Mlangoni mwa chumba cha bibi harusi palikuwa na sanduku limefungwa kwa kamba. Kabla hatujatulia, Zebuniso naye akaingia kumchukua mwanawe, akashangaa kukuta ua umejaa watu. Alidhani tumekuja kushuhudia.

Sanobar alifunua unga uliokuwa umeumuka chini ya blanketi. Aliukata madonge, akayapanga mezani, akaweka la kwanza mbele yake. Akainua mkono. Mkono ukabaki hewani. Alitutazama, akautazama unga, midomo ikamcheza bila sauti. Hasira ya mtu ni jambo la faraghani kama kuoga, na sisi tulikuwa tumejaa pale tunatazama.

"Basi, shoga," Tursunoy alisema kwa upole. "Yatosha. Mungu ameiona nia yako."

"Anaanza na Mkuu," ilisema sauti ndogo nyuma yetu.

Tuligeuka. Munavvar aliuegemeza ufagio ukutani, akaja mezani, akalisogeza donge lile karibu na mama mkwe wake.

"'Na wewe Mkuu, unayejificha chumbani wenzako wakitafunwa.' Hapo ndipo unapolipiga, Mama."

Sanobar alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha pa! "Unayejificha chumbani!" Pa! "Wenzako wakitafunwa!" Ilimtoka sauti ambayo mtaa wetu haujawahi kuisikia. Unga ulirukia vilemba vyetu. Mtu mmoja akasema astaghfirullah.

"Kisha yule mzee wa ghorofani."

"Maji yako nimeyanywa mimi?" Pa! "Fungua tumbo langu uyatafute!"

"Kisha Mama Tursunoy."

"Inua goti, inua goti!" Pa! "La kwako umeliinua lini, chupa ya samli wee!"

Tulipasuka kwa kicheko. Tursunoy alisimama kama mti, filimbi mkononi, halafu akaanza kutikisika yeye mwenyewe. "Wallahi ni mimi!" alisema. "Wallahi anautukana kweli!"

"Kisha Mama Robiya."

Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote. "Shingo ya ngamia!" Pa! "Ukuta huu nitaujenga mpaka ufike mbinguni, nikuone utachungulia nini!" Niliinamisha shingo, kana kwamba inaweza kufupishwa.

Zebuniso alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, machozi ya kicheko yanamtoka. Alikuwa ameelewa. Sote tulikuwa tumeelewa: mtoto yule hakuwa mvivu, na jioni hiyohiyo soko zima lingejua, maana sisi ndio tungelipelekea habari. Kama mambo yangeishia hapo tungekula mkate wa moto tukaenda zetu.

Mezani lilikuwa limebaki donge moja. Sanobar alilitupia kitambaa harakaharaka.

"Yamekwisha," alisema.

"Bado moja, Mama."

"Nimesema yamekwisha."

Munavvar alikiondoa kitambaa. Hakuwa na kinyongo usoni, naapa. Alikuwa kama mtu anayeandaa meza akaona sahani moja imepungua.

"La mwisho ni mimi," alisema.

Kicheko kilikatika. Na kwa sauti yake ileile ndogo akayasema maneno aliyoyasikia kila alfajiri akiwa na ufagio mkononi: "'Na huyu bubu, anayeosha kikombe kabla sijameza. Amekuja kunizika mzima mzima.'" Akakikunja kile kitambaa. "Hilo ndilo linalopigwa zaidi. Ndilo linaloumuka vizuri kuliko yote." Hilo la mwisho aliliongeza upesi, kama anayemtetea mtu.

Hakuna aliyejua pa kutazama. Zebuniso aliushusha mkono wake polepole kutoka mdomoni. Nilikumbuka Jumatano, Munavvar na sahani yake ya zabibu, amejitwisha kosa la mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa ametoka kumpiga makofi mezani. Alijua, na akamfichia. Sanobar naye alikuwa anakumbuka hayohayo. Niliona kwa jinsi alivyoishika meza.

"Munavvar," alisema. "Mwanangu. Nisamehe."

Mtaani kwetu mama mkwe hamwombi radhi mkaza mwana, tena mbele za watu. Sanobar aliomba. Munavvar aliinama, kama anavyoinama kwa kila kitu, na hatukujua ni jibu au ni mazoea.

"Lipige, Mama," alisema. "Tanuri linapoa."

Sanobar hakuweza. Alilibonyeza lile donge kwa vidole, taratibu, akalipiga katikati ule muhuri wa miiba unaopamba mkate, akalibandika kwenye ukuta wa ndani wa tanuri pamoja na mengine. Yale mengine yalitoka yamenenepa, yana rangi nzuri. Hilo lilitoka bapa, gumu ukingoni.

Zebuniso alilisogelea sanduku, akaweka mkono juu ya kamba. "Munavvar," aliuliza, "tunakwenda?"

"Ua bado, Mama," alisema Munavvar. "Sijamaliza kufagia."

Mama yake alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akalibeba lile sanduku mwenyewe, akalirudisha ndani.

Munavvar aliuchukua ule mkate bapa, akaumega kwa mikono. Kipande cha kwanza, kwa heshima, ni cha mkubwa wa nyumba, naye akakiweka kwenye kiganja cha mama mkwe wake. Halafu akauchukua ufagio, akaenda kuanza pale alipokuwa ameachia. Sanobar alibaki amesimama mbele yetu sote na kile kipande. Mkate hatuutupi. Alikitia kinywani, akatafuna, akatafuna, na safari hii hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia pole.